Sheria Isiyo na Chifu

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Katesh siku ya mnada. Nilipomaliza shughuli iliyonipeleka nilikaa katika kibanda cha chai kuyapumzisha magoti, na hapo akanijia kijana mmoja anayefanya biashara ya vitunguu saumu vya Mbulu. Aliniamkia, nikamwitikia, akavuta benchi akakaa.

"Mzee," akasema, "wewe redioni unatueleza mambo ya kale. Mimi nina swali la mambo ya sasa, sijui kama utaliweza."

Akatoa simu yake akanionyesha. Kwa muda wa miaka miwili, kila akiuza vitunguu, sehemu ya faida amekuwa akinunulia sarafu iitwayo Bitcoin. Hakuwa ameweka fedha ndogo. Kwa hesabu ya Katesh, ilikuwa bei ya ng'ombe wanne wazuri.

"Nasikia wenyewe huko wanabishana," akaendelea. "Wengine wanataka kanuni za sarafu hii zibadilishwe, wengine hawataki. Sasa mzee, ni nani anayeamua? Nikitaka kumpelekea malalamiko yangu, ofisi yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu, na sikuona aibu kumwambia hivyo. Nilimwomba anipe wiki chache nisome na kuuliza wanaojua. Leo nalipa deni lile, na nalilipa hadharani, kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Ili tuelewane, hebu kwanza tuitazame fedha yenye mwenyewe. Katika nchi yetu, kila mara fedha ilipobadilishwa, ilibadilishwa na ofisi. Wajerumani walikuwa na rupia yao iliyogawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 wakaamua kwamba tangu hapo rupia moja itakuwa na heller 100. Mkulima wa Mbulu hakuitwa kutoa maoni. Alizikuta heller sokoni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Mwaka 1919 waliunda Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 bodi hiyo ikaleta florini badala ya rupia, na florini haikudumu hata miaka miwili, ikaja shilingi. Florini moja kwa shilingi mbili. Mabishano yalikuwapo, tena makali, lakini yalikuwa kati ya walowezi wa Kenya, mabenki na Wizara ya Makoloni. Zanzibar nao waliagana na rupia yao mwaka 1936, wakapewa shilingi moja na nusu kwa kila rupia.

Mabadiliko ya mwaka 1966 nayakumbuka mwenyewe. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni mwaka ule, nami nilikuwa mtoto wa darasa la nne. Baba alirudi nyumbani na sarafu mpya yenye sura ya Mwalimu Nyerere, akatupitishia mkono kwa mkono, na kila mtoto akaishika kwa zamu. Shilingi moja ya zamani ilipata shilingi moja mpya. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana safari hii ofisi ilikuwa yetu. Lakini njia ilikuwa ile ile. Ofisi iliamua, gazeti na redio zikatangaza, wananchi wakapeleka za zamani na kupokea mpya. Hiyo ndiyo fedha yenye mwenyewe. Ukiwa na malalamiko, unaujua mlango wa kuupiga hodi, hata kama mlango wenyewe haufunguliwi.

Sarafu ya kijana yule haina mlango. Ilianza kazi tarehe 3 Januari 2009, na aliyeianzisha alitumia jina la Satoshi Nakamoto. Mpaka leo mtu huyo hajajulikana kwa hakika ni nani, na tangu mwaka 2011 amenyamaza. Hakuacha mrithi wala bodi. Aliacha programu na daftari.

Namna daftari hilo linavyofanya kazi ni rahisi kuieleza kwa jambo lililotupata sisi wenyewe. Dada yangu anakaa Katesh, na ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu 25. Mnaijua desturi ya vikundi hivi. Kuna sanduku lenye kufuli tatu, kuna daftari kubwa linalotunzwa na katibu, na kila mwanachama ana kitabu chake kidogo cha hisa. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Sitaki kuyarudia maumivu ya siku ile, na waliofiwa wanisamehe kwa kuigusa. Katibu wa kikundi cha dada yangu alinusurika na wanawe, lakini nyumba ilikwenda, na daftari kubwa likaenda nayo pamoja na sanduku.

Baada ya mazishi wanachama walikutana. Wengine walidhani kikundi kimekwisha, maana nani atajua nani anadaiwa nini? Ndipo mama mmoja akatoa kitabu chake kidogo mfukoni, kimelowa lakini kinasomeka. Mwingine akatoa chake. Vikapatikana vitabu 19. Katika kikundi chao mkopo hauandikwi katika kitabu cha mkopaji tu, huandikwa pia katika vitabu vya wadhamini wake. Kwa hiyo hata hesabu za wale waliopoteza vitabu zilipatikana kwa wenzao. Walikaa siku mbili wakilinganisha. Fedha taslimu iliyokuwa sandukuni ilipotea, lakini sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wakopaji, na deni likajulikana lote. Kikundi kipo mpaka leo.

Ndugu msikilizaji, daftari la Bitcoin ni kama vile vitabu 19, ila kila mtunzaji ana nakala ya daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza wa mwaka 2009. Watunzaji ni maelfu, wametawanyika duniani. Kila baada ya dakika kumi hivi, wale waitwao wachimbaji huandika ukurasa mpya wa malipo na kuusambaza. Kila mtunzaji huukagua kwa kanuni zilizomo katika programu yake. Ukikiuka kanuni anautupa, hata kama umeandikwa na mchimbaji mwenye mitambo mikubwa kuliko wote. Kwa hiyo kanuni haimo katika ofisi. Imo katika kila kompyuta inayotunza daftari.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ukitaka kubadilisha kanuni, ni lazima uwashawishi maelfu ya watu wasiojuana wabadilishe programu zao. Wakibadilisha nusu na nusu wakakataa, ukurasa ambao hawa wanaukubali wale wanautupa, na mnaamka asubuhi mkiwa na madaftari mawili.

Jambo hilo liliwahi kutokea bila mtu kulikusudia. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 2013 uliandikwa ukurasa mkubwa kidogo. Waliokuwa na toleo jipya la programu waliukubali. Waliokuwa na toleo la zamani waliukataa, kwa sababu ya kikomo kilichojificha humo ambacho hata mafundi hawakukijua. Kwa muda wa saa sita hivi dunia ilikuwa na madaftari mawili ya Bitcoin. Hapakuwa na mtu wa kutoa amri. Mafundi waliandikiana ujumbe usiku kucha, kisha wakawaomba wachimbaji wakubwa waliokuwa upande wa toleo jipya warudi kwenye la zamani. Upande mpya ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Lakini programu mpya iliweza kuzikubali kurasa za wazamani, na ya zamani haikuweza kamwe kuukubali ukurasa ule wa wapya. Basi mwenye kuweza kuwasikia wote wawili ndiye aliyeombwa ainame. Wachimbaji wale walikubali, wakapoteza malipo ya kurasa walizokwisha kuandika, na daftari likawa moja tena.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana nilikuwa kama ninayesoma habari za nyumbani.

Wairaqw, watu wa milima ya Mbulu, hawakuwa na mfalme. Katika kitovu cha nchi yao, Irqwar Da'aw, upande wa Kainam, kila eneo lilikuwa na baraza la wazee wake. Palikuwapo msemaji, kahamusmo, lakini huyo hakuwa mtawala wa kuamuru. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu na kulisema lile lililokubaliwa. Hapakuwa na kura ya kuhesabu mikono. Walizungumza, wakanyamaza, wakazungumza tena, hata neno moja likabaki kwa sababu hapakuwa na aliyeendelea kulipinga. Na aliyelivunja neno hilo hakupelekwa gerezani. Alitengwa, hakushirikishwa kazi wala pombe, na kubwa zaidi aliogopa laana ya wazee. Sheria ilikaa katika kila nyumba, na kila nyumba ilikuwa mlinzi wake.

Kwa jirani zao Wabarabaig wa Hanang hali ilikuwa na ufanano. Mtafiti George Klima, aliyeishi nao miaka ya 1950 na kuandika habari zao mwaka 1964, alieleza jinsi wanaume walivyokuwa na baraza lao, na wanawake walioolewa nao walikuwa na lao. Mwanamume aliyevunja haki ya mwanamke aliweza kuhukumiwa na baraza hilo la wanawake na kutozwa dume la ng'ombe, na wanaume wenzake hawakuwa na uwezo wa kuifuta hukumu ile. Alikuwa na mifugo, alikuwa na mkuki, lakini hakuwa na njia ya kukwepa. Kama hadhi na silaha peke yake ndizo zingeamua, baraza lile lisingekuwapo.

Wakoloni waliufika mfumo huu wakashindwa kuuelewa. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye, basi wakaweka machifu. Lakini kuweka chifu si sawa na kuwafanya watu waisahau desturi ya kukubaliana kwanza. Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi mkuu. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na katika viti 58 haikuwa hata na mpinzani. Kiti kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko Herman Sarwatt, mwenyewe mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea aliyepitishwa na chama, na wananchi wakamchagua yeye. Hawakuikataa TANU wala uhuru. Walikataa kuletewa jina lililokwisha kuamuliwa. Mwaka 1965, mfumo wa chama kimoja ulipoanza, wapiga kura walipewa nafasi ya kuchagua kati ya wagombea wawili wa chama kile kile. Watu wa Mbulu hawakuhitaji kuelezwa faida ya jambo hilo.

Sasa turudi kwa Bitcoin, maana ugomvi mkubwa ulikuwa bado mbele. Tangu mwaka 2010 daftari lilikuwa na kanuni kwamba ukurasa mmoja usizidi megabaiti moja. Watumiaji walipoongezeka, kurasa zilijaa na ada zikapanda. Upande mmoja ukasema tuongeze ukubwa wa ukurasa. Upande wa pili ukasema, ukurasa ukiwa mkubwa, daftari litakuwa zito mno, na mtu wa kawaida hataweza tena kulitunza nyumbani. Litabaki kwa matajiri wenye majumba ya kompyuta. Upande huo ulileta pendekezo liitwalo SegWit, lililotangazwa Desemba 2015, la kuzipanga sahihi za malipo kwa namna nyingine ili nafasi ipatikane.

Mapendekezo haya mawili hayakutofautiana kwa faida tu. Yalitofautiana kwa namna ya kuingizwa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Chukua kikundi cha dada yangu. Kanuni yao inasema mwanachama akope mpaka mara tatu ya hisa zake. Wakiamua leo kwamba tangu sasa mwisho ni mara mbili, mwanachama aliyekuwa safarini, ambaye bado anaijua kanuni ya zamani, akirudi na kusoma daftari hataona kosa. Kila mkopo wa mara mbili umo ndani ya mara tatu anayoijua. Lakini wakiamua mwisho ni mara nne, yule msafiri akisoma ataona wizi, atapiga kelele, na kikundi kitapasuka. Kubana kanuni ni kulaini. Kulegeza kanuni kunahitaji kila mtu awepo na akubali. SegWit ilisukwa ili iwe ya namna ile ya kwanza. Kuongeza ukubwa wa ukurasa kulikuwa kwa namna ya pili.

Pamoja na hayo, SegWit ilikwama. Utaratibu ulikuwa kwamba wachimbaji waweke alama katika kurasa zao kuonyesha kuwa wako tayari. Alama zikifika asilimia 95 katika kipindi cha kurasa 2,016, yaani wiki mbili hivi, kanuni ingeanza. Hesabu ilianza Novemba 2016. Miezi ikapita, alama hazikufika hata nusu. Alama iliyokusudiwa kuwa ya kusema "niko tayari" ilikuwa imegeuzwa kuwa kura ya kuzuia. Mei 2017 makampuni makubwa na wachimbaji walikutana New York wakapatana wenyewe kwa wenyewe: SegWit iingie, kisha ukurasa uongezwe mara mbili. Ilikuwa kama 1960, jina limekwisha kuamuliwa, linaletwa.

Lakini watunzaji wa kawaida wa daftari nao walikuwa wamepanga lao. Walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2017 programu zao zitautupa ukurasa wowote usio na alama ya SegWit, uwe umeandikwa na nani. Mitambo mikubwa hawakuwa nayo. Walikuwa na daftari. Na mchimbaji anayeandika kurasa ambazo hazipokelewi anaunguza umeme bure. Kabla ya siku ile kufika, alama zilikuwa zimepatikana. Tarehe 1 Agosti wale waliotaka kurasa kubwa walijitenga wakaanzisha daftari lao, Bitcoin Cash. Tarehe 24 Agosti SegWit ikaanza kazi. Na tarehe 8 Novemba wenye mpango wa New York waliahirisha wenyewe ile sehemu ya kuongeza ukurasa, wakikiri kwamba hawakuwa na makubaliano ya kutosha.

Mbulu tunakujua kujitenga. Kwa zaidi ya karne moja Wairaqw wametoka katika kitovu chao wakaenda Karatu, Babati na Hanang. Sababu zilikuwa nyingi, ardhi kuwa finyu, malisho, na pia kutoelewana. Asiyekubali aliweza kuhama. Lakini tuseme kweli. Kuhama kwa mmoja kulikuwa kubanwa kwa mwingine, na Wabarabaig waliopoteza malisho wanalijua hilo. Ng'ombe nao hawana nakala, mkigawana kumi kila mmoja anaondoka na watano. Daftari lina nakala. Aliyekuwa na Bitcoin siku ile ya Agosti alijikuta ana sarafu katika madaftari yote mawili. Kisichokuwa na nakala ni imani ya watu, na imani ilibaki zaidi upande mmoja, ndiyo maana mpaka leo bei za sarafu hizo mbili hazikaribiani.

Ndugu zao wa Ethereum walipasuka kwa sababu nyingine. Juni 2016 mtu aligundua kosa katika mfuko wao wa pamoja akachota etha milioni 3.6. Tarehe 20 Julai walio wengi waliandika kanuni ya kuzirudisha kwa wenyewe. Wachache walisema daftari haliguswi, hata kama mwizi amefaidika, kwa maana leo mnalifuta la mwizi, kesho mtalifuta la nani? Hao walibaki na daftari la zamani, Ethereum Classic. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum iliacha kabisa kazi ya uchimbaji ikatumia waweka dhamana, na matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kabla ya siku hiyo walifanya mazoezi mara kadhaa katika madaftari ya majaribio. Ni mabadiliko makubwa kuliko yale ya rupia na florini, na yalifanyika bila bodi ya London.

Nisije nikaeleweka vibaya nikaonekana mpiga debe wa sarafu hizi. Programu zenyewe huandikwa na mafundi wachache, na uchimbaji umo mikononi mwa vikundi vichache vikubwa. Benki Kuu yetu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka ijiandae kwa mabadiliko yanayokuja, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Bei yake hupanda na kuporomoka, na aliyeinunua kwa bei ya ng'ombe wanne anaweza kuamka ana wawili. Hata mabaraza ya kale tusiyapake sukari. Vijana walingoja muda mrefu kabla hawajasikilizwa, na laana ni silaha nzito.

Lakini swali la kijana lilikuwa nani anaamua, na jibu lake sasa ninalo. Sheria isiyo na chifu hubadilishwa na wale wanaoitunza. Si wale wanaonufaika nayo tu, wala wanaoisifu tu. Ni wale wenye daftari mkononi, wanaoweza kusema ukurasa huu siupokei.

Jumamosi iliyopita nilimpigia simu. Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi, kisha nikamuuliza, "Mwanangu, sarafu zako unazitunza wapi?" Akasema ziko kwa kampuni aliyonunulia. Yeye ana jina la kuingilia na namba ya siri, basi. Nikamwambia kwamba hapo ndipo penye tatizo lake. Kilicho katika daftari kubwa ni jina la kampuni, lake limo katika kitabu cha kampuni tu. Siku ile ya Agosti 2017, baadhi ya makampuni yaliwapa wateja sarafu za upande wa pili mara moja, mengine yalikawia miezi, na mteja hakuwa na la kufanya ila kungoja. Mabadiliko mengine yakija, kampuni ndiyo itakayochagua daftari la kufuata kwa niaba yake. Amenunua sarafu isiyo na chifu, kisha amejitafutia chifu.

Alinyamaza kidogo. Akaniuliza gharama ya kutunza daftari zima. Nikamwambia linataka kompyuta yenye nafasi ya mamia ya gigabaiti na intaneti isiyokatika, na kwa bei za vifurushi vyetu hilo si jambo dogo. Akaguna. "Basi mzee, waliogombania ukurasa mdogo walikuwa wananigombania mimi, na bado siufikii." Sikuwa na la kuongeza. Nilimwambia angalau ajifunze kushika funguo zake mwenyewe, na asiweke humo fedha ya ada za watoto.

Kikundi cha dada yangu nacho mwezi uliopita kilikuwa na mjadala wake. Mweka hazina alipendekeza waache makaratasi, hesabu zote ziwe katika simu yake, na vitabu vidogo vikusanywe vichomwe kwa kuwa vimechakaa. Walikaa vikao vitatu. Mwishowe walikubali kuchangia kwa simu, kwa kuwa kunaokoa muda. Vitabu vidogo walivikatalia. Wanachama wawili hawakupendezwa, wakachukua hisa zao wakaondoka kwa amani. Waliobaki wamenunua vitabu vipya, na kila mmoja anaandika chake mwenyewe, mbele ya wenzake.

Msikilizaji, kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo.